Usimwambie Profesa

Jumapili, 2 Machi

Profesa wangu,

Hujambo huko? Sisi tupo. Usishangae kupata barua ya karatasi kama watu wa zamani. Simu yangu ya maana haipo tena. Baba aliifungua kwa bisibisi akitafuta hitilafu, na vipande vyake nimevikusanya kwenye bakuli. Nimebaki na hii ya vitufe. Halafu kuta za nyumba hii unazijua. Nikiongea na wewe Baba anasikia kila neno, na nikishusha sauti anakuja kusimama mlangoni kuuliza nani amekufa.

Nimekuwa nikikwambia ni uzee tu. Si uzee. Juma lililopita nilikuwa nasuka mteja pale sebuleni, Baba akaingia na kisanduku chake cha vifaa, akapiga magoti mbele ya soketi.

"Nani amefunga hii?"

"Wewe, Baba."

"Mimi? Aliyefunga hii aache ufundi akauze vocha."

Tukacheka, mimi na mteja. Kumbe mwenzetu hatanii. Akaifungua bila kuzima umeme, akakutanisha nyaya ambazo hata mimi najua hazikutani. Cheche ziliruka mpaka kwenye pazia, na mteja akatoka mbio na nusu ya kichwa hakijasukwa. Baba alikaa sakafuni anaviangalia vidole vyake kama ameviazima. Huyu ndiye aliyeingiza umeme kwenye nusu ya nyumba za mtaa wetu! Sasa nazima swichi kuu kila ninapotoka, hata nikienda dukani tu.

Nilimpeleka kwa daktari. Alimwuliza maswali, mengine alijibu. Daktari akasema ni Alzaima, neno lilelile unaloandikia makaratasi yako huko. Nilipomwuliza dawa, akasema ipo ya kumtuliza kidogo, ya kuponya haipo.

Wewe umesomea jambo hili miaka yote. Kuna kitu mnakijua huko ambacho daktari wetu hakijui? Niambie ukweli, usinipake mafuta.

Dada yako

* * *

Jumatatu, 17 Machi

Dada mpenzi,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama koridoni, nikaisoma tena maabara. Nisamehe kwa kukuachia mzigo huu peke yako.

Uliniuliza tunajua nini. Nitakueleza kama ningemweleza Baba, maana yeye angenielewa haraka kuliko wote. Ubongo ni kitu kidogo, lakini unakula karibu sehemu moja ya tano ya oksijeni yote ya mwili. Kila seli ina vinu vyake vidogo vya kuzalisha nguvu. Vinu hivyo vikichoma oksijeni vinarusha cheche, yaani chembe kali zinazouma chochote zinachogusa. Ukiwa kijana, mwili una walinzi wa kuzizima. Ukizeeka, cheche zinaongezeka na walinzi wanapungua. Zinaanza kuunguza mafuta yanayofunika seli, kisha zinafika ndani kabisa. Kwa mgonjwa wa Alzaima tunakuta alama za kuungua huko kila mahali. Sisi hali hiyo tunaiita mkazo wa oksidi. Wengine wanasema ndiyo chanzo cha ugonjwa, wengine wanasema ni matokeo tu. Mimi nimeweka kazi yangu yote upande wa chanzo.

Sasa nisikilize. Baadhi ya walinzi hao wanatoka kwenye chakula, na mmojawapo ni vitamini E. Kuna utafiti uliowapa wagonjwa dozi kubwa, wakachelewa kupoteza uwezo wa kujivalisha na kujilisha. Upo pia utafiti ambao haukuona faida. Lakini kwa Baba yangu siwezi kukaa nikingoja wazee wa sayansi wakubaliane. Nimezungumza na daktari wa hapa kwetu. Nakutumia vidonge vya kutosha. Viwili asubuhi, viwili jioni, baada ya kula.

Kabla hujaanza, niambie Baba anatumia dawa gani nyingine. Zote, Dada, hata kama ni ya kikohozi.

Profesa wako

* * *

Jumapili, 6 Aprili

Profesa,

Kifurushi kimefika, na vidonge vinang'aa kama shanga. Baba amevipenda. Nilimwambia vimetoka kwako, akavitia kinywani bila ubishi, yeye ambaye dawa ya presha nalazimika kumfichia kwenye uji.

Umeuliza dawa nyingine. Ni hiyo ya presha unayoijua, basi. Hayo mengine ni ya uzee uzee, usihangaike nayo.

Ile habari ya cheche nilimsomea. Alisikiliza ametulia, kisha akasema, "Kama mtoto huyu kaona cheche, azime kwanza, ndiyo atafute." Akalala.

Dada

* * *

Jumatatu, 28 Aprili

Dada,

"Azime kwanza, ndiyo atafute." Nimeibandika juu ya meza yangu. Bosi wangu aliuliza ni maneno ya nani, nikasema ni ya mtaalamu mmoja wa nyumbani.

Kama tumbo lake linavipokea vizuri, ongeza kimoja jioni. Andika kila unachokiona, hata kidogo. Je, anavaa mwenyewe? Analala?

Nimetuma kopo jingine.

Profesa

* * *

Jumapili, 1 Juni

Profesa wangu,

Leo nina habari njema, zikamate kwa mikono miwili. Yule jirani yetu mshonaji alileta pasi yake iliyokufa. Alikuja kwangu, maana kwa Baba watu wameshaacha kupeleka kazi. Baba akaichukua mikononi mwangu, akaigeuza, akaifungua, akaona waya uliokatika, akauunga. Ikawaka! Mshonaji akapiga kigelegele, na Baba akamwambia, "Polepole, Mama, utanikatia umeme." Jioni alioga mwenyewe, akachana nywele, akaulizia habari zako kwa jina.

Nadhani vidonge vinafanya kazi. Nilikuwa siamini, sasa naamini.

Analala vizuri. Kula anakula. Kliniki amegoma kabisa kwenda, anasema gari la kliniki ni la kuokota wazee, lakini kwa vile mambo yanakwenda vizuri sijamlazimisha.

Kuna siku nachoka, sitakuficha. Lakini leo sijachoka.

Dada yako

* * *

Jumapili, 15 Juni

Dada,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitaanzia palepale. Jana Baba Mdogo alinipigia simu. Anasema alikuja kuwaona, akamkuta Baba mikono yote ina alama nyeusi, kuanzia viganja mpaka juu ya viwiko, na nyingine mgongoni. Anasema mshonaji naye ameziona, na mtaani wanazungumza. Alikuuliza, ukamjibu kwa ukali na ukamfungia mlango.

Nakuuliza mimi, mdogo wako. Unampiga Baba?

Najua kazi ni nzito. Nimesoma mengi kuhusu watu wanaouguza wagonjwa wa namna hii, jinsi wanavyofika mwisho wa uvumilivu. Kama imetokea, niambie. Sitakuhukumu. Tutatafuta mtu wa kukusaidia. Lakini barua yako ya mwisho ilijaa kicheko na pasi, na hata neno moja kuhusu alama hizo halikuwemo. Kwa nini ulinificha?

Profesa

* * *

Jumanne, 24 Juni

Wewe,

Hutanihukumu. Asante sana, mheshimiwa.

Unataka kujua kwa nini nilikuficha? Kwa sababu nilijua utauliza hivyo hivyo ulivyouliza. Nimemwogesha huyu mzee, nimemfulia mashuka, nimemkimbilia barabarani nikiwa na chanuo mkononi na mteja nyuma yangu anapiga kelele. Tangu Februari hanijui. Ndiyo, hilo nalo nilikuficha. Daktari alipomwuliza majina ya watoto wake alitaja lako peke yake. "Na huyu?" Akasema, "Huyu ni msusi, anakuja kutusaidia." Kila asubuhi ananiamkia kwa heshima kama mgeni. Wewe uliyeondoka anakujua, na mimi niliyebaki ni msusi. Lakini sijawahi kumnyanyulia mkono. Hata siku aliponitemea uji usoni.

Alama zinatokea zenyewe. Nikimshika kiwiko avuke kizingiti, kesho pana doa jeusi. Akiegemea meza, doa. Akipiga mswaki fizi zinatoka damu, na juzi pua ilimwaga damu mpaka nikatumia taulo zima. Nikadhani ni zile dawa za moyo, maana walisema zinafanya damu iwe nyepesi, lakini mbona zamani hakuwa hivi?

Ndiyo, za moyo. Hilo nalo hukulijua. Ulipokuwa kwenye mitihani yako mikubwa, mapigo ya moyo wa Baba yalivurugika, akalazwa. Wakampa dawa ya kuzuia damu isigande, akaambiwa ataimeza maisha yote na damu ipimwe mara kwa mara. Akiwa kitandani pale hospitali alinishika mkono akasema, "Usimwambie Profesa. Atakatisha masomo arudi kuniangalia nikikoroma." Nikaapa. Uliponiuliza kuhusu dawa, nilikumbuka kiapo. Nikajiambia vitamini ni vitamini tu, ni kama kula karanga.

Sasa umejua yote. Mwambie Baba Mdogo.

Msusi

* * *

Alhamisi, 3 Julai

Dada,

Barua yako imefika sasa hivi. ACHA VIDONGE VYANGU. Vyote, leo, hata kimoja asimeze. Dozi ile ukiichanganya na dawa ya kuzuia damu kuganda, damu inakosa breki kabisa. Mpeleke hospitali hata kwa kumbeba, waambie dawa zote mbili, wampime damu.

Nimepiga simu yako, inaita tu. Nimempigia Baba Mdogo, haipatikani. Naendelea kupiga. Barua hii nimemkabidhi mtu anayesafiri kesho, endapo simu zitashindikana.

Si wewe. Alama zile si wewe. Nisamehe kwa nilivyokuuliza.

Pokea simu, Dada.

* * *

Jumamosi, 19 Julai

Profesa,

Baba Mdogo alikwambia kwa simu kwamba Baba ametutoka. Mengine alisema nitakueleza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwepo.

Siku uliyokuwa unapiga, simu ilikuwa ndani ya nyumba na sisi tulikuwa hospitali. Asubuhi ile nilikuwa namsuka binti wa mshonaji. Baba akatoka chumbani amevaa viatu vya kazi, akasema ameitwa mahali taa zimezimika. Nikamwambia subiri nimalize msuko huu mmoja. Akasema, "Sawa, msusi." Akapita nyuma yangu. Nikasikia kishindo uani. Alikuwa ameweka kiti juu ya ngazi ya mlango ili afikie nyaya za nje.

Aliinuka mwenyewe, akajipangusa magoti, akakaa. Nilimwangalia kichwa, nikaona uvimbe mdogo tu. Nikashukuru. Nikamrudia mteja nikamaliza kusuka. Nilipoleta chai, maneno yake yalikuwa yanaburuta na jicho moja limepotea upande. Mshonaji ndiye aliyetafuta gari, yeye yule aliyenitangaza mtaa mzima.

Walimpiga picha ya kichwa. Daktari alikuwa kijana, mpole. Alisema damu imejaa ndani ya fuvu na haitaki kusimama. Akaniuliza anatumia dawa gani. Safari hii nilitaja zote, nikatoa hata kopo lako kwenye mkoba, kwa sababu nilikuwa bado natembea nalo ili nisisahau dozi ya jioni. Alilisoma pande zote. Akauliza, "Nani alimwandikia hivi?" Nikasema mwanawe. Akaliandika kwenye faili.

Wakamwongezea damu, wakamchoma sindano ya kuigandisha. Kuna usiku alizinduka. Muuguzi alikuwa anambadilishia shuka, na mimi nimemshika miguu. Baba akamwambia muuguzi, taratibu sana lakini tulimsikia wote wawili, "Mwambieni huyu msusi akapumzike. Na yeye kwao wanamsubiri." Ndiyo maneno yake ya mwisho. Nilimjibu kwamba sijachoka.

Barua yako niliipata baada ya mazishi. Aliyeileta alinikuta naanua nguo za Baba kambani.

Tuliyachelewesha maziko kwa ajili yako mpaka alasiri. Baba Mdogo alisema umepata nafasi kwenye ndege na uko njiani. Kila gari lililosimama barabarani nilinyanyua kichwa. Mwishowe wazee wakasema haiwezekani tena. Hujapiga simu. Hujaandika. Kama ulipatwa na jambo njiani, nijulishe japo uko hai.

Dada

* * *

Jumapili, 10 Agosti

Dada,

Niko hai. Sikupatwa na jambo.

Nilifika uwanja wa ndege. Nilikabidhi begi, nikapita ukaguzi, nikakaa mahali pa kusubiri. Jirani yangu pale alikuwa mzee anayesafiri na binti yake, na binti alikuwa anamhesabia vidonge kwenye kiganja. Nikainuka. Walitangaza jina langu mpaka wakachoka. Nilirudi kwangu kwa miguu, begi likasafiri peke yake.

Sikuogopa kaburi. Nilikuogopa wewe. Niliogopa kuingia mlangoni na kukukuta umekaa na watu, halafu unyanyue macho.

Kuna jambo nililiandika mwezi wa tatu ambalo ni kweli na si kweli. Niliandika kwamba nimezungumza na daktari wa hapa kwetu. Nilizungumza naye. Alichoniambia ni, "Usimpe kitu mtu ambaye mimi sijamwona." Nikamwambia ni vitamini tu. Akasema, "Kwa dozi hiyo ni dawa, na wewe unajua." Nilijua. Nilijua pia inaweza kuchezea damu. Ndiyo maana nilikuuliza kuhusu dawa nyingine. Ulipojibu ni ya presha tu, nilifurahi, sikuuliza mara ya pili. "Ya uzee uzee", hayo maneno niliyaona. Niliyaruka.

Na majaribio yetu hapa yalikuwa yameshaanza kwenda kombo. Wagonjwa waliopewa kizuia cheche chetu walikuwa wanadhoofika sawasawa na wale waliopewa unga mtupu. Bosi alikuwa ameshatuambia. Nilitaka Baba awe yule mmoja ambaye imemfaa. Ulipoandika kuhusu pasi nilicheza peke yangu jikoni. Sasa najua ilikuwa siku njema tu. Ugonjwa huu una siku zake njema, hazihitaji kidonge.

Nimeacha maabara kwa sasa. Nakaa na familia za wagonjwa kabla hawajaingizwa kwenye majaribio, kazi yangu ni kuuliza wanatumia nini. Wakijibu "ni hizo tu", naweka kalamu chini, nauliza tena. Jana mama mmoja alilia, akasema mumewe alimkataza kusema.

Mimi ndiye niliyemuua Baba. Naomba unijibu hivyo, kwa mkono wako, ili nisiendelee kulisema peke yangu.

Mdogo wako

* * *

Jumamosi, 30 Agosti

Profesa,

Sitakuandikia hivyo.

Nilirudi hospitali kumwuliza yule daktari kijana. Nilimwomba aniambie ni nini hasa, vidonge, au kuanguka, au ile dawa ya moyo, maana damu haikupimwa tangu alipogoma kliniki. Akasema inawezekana vyote vitatu, na hakuna kipimo cha kuvitenganisha sasa. Nikamwambia mimi nataka kimoja. Akasema, "Mama, ningekuwa nacho ningekupa." Kwa hiyo hatutajua, mimi na wewe. Baba alinikataza, mimi nikatii kupita kiasi, wewe ukaruka neno. Na mimi nilimaliza kwanza kusuka. Kila mmoja ana kipande chake, na cha mwenzake hawezi kukibeba.

Mshonaji alikuja kuniomba radhi. Alilia sana, ikabidi nimbembeleze mimi. Nimemsamehe kwa sababu si ndugu yangu, ni rahisi.

Wewe sijakusamehe. Sitaki ukalisikie kwa Baba Mdogo, ndiyo maana nakwambia mwenyewe. Vidonge ulivileta kwa upendo, na mimi nilivitoa kwa upendo, hilo naweza kulimeza. Linalonikaba ni uwanja wa ndege. Ulinyanyuka ukaondoka, ukaniacha nimesimama peke yangu kaburini nikipokea pole za watu ambao juma moja kabla walikuwa wanasema nampiga. Walikuwa wananishika mkono huku wakiangalia viganja vyangu. Ungekuwa umesimama pale, hata bila kusema kitu, wangeona kwamba mtu mmoja aliyenijua ananiamini.

Begi lako lilifika. Baba Mdogo alilifuata. Sijalifungua.

Usinisamehe na wewe upesi. Najua utakuwa unakumbuka ile barua yangu ya "usihangaike nayo". Ikumbuke. Mimi naikumbuka kila ninapopiga mswaki.

Lakini njoo. Chagua siku unayoweza, uniambie, nitafunga kazi nije kukupokea stendi. Ukiniona usinikimbilie, na mimi sitakukumbatia mbele za watu, usije ukashangaa. Tutabeba pamoja begi lako la mkononi, tutapita mtaani mchana kweupe watuone wote. Tukifika nyumbani na mlango ukafungwa, ndipo tutajua kama bado ni ndugu.

Dada yako